Kikombe cha Ghorofani

Tangu anioe, mume wangu hakuwahi kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Alipakua magunia soko la Kariakoo, na kazi ikiisha alikaa barazani na wenzake mpaka nisahau kama nimeolewa. Mwaka ule akaanza kuwahi. Jua bado lipo, huyo anaingia uani, hata hanisalimu vizuri, anachota ndoo mbili kwenye pipa na kuzipandisha ghorofani kwa mjane wa Kihindi.

Maji yalikuwa hayapandi juu, hilo nalijua. Lakini mbona mimi nilijitwisha ndoo na mimba kubwa na hakuna aliyewahi kunipokea? Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma.

Na yule mjane hakuwa mzee, bora angekuwa mzee. Nyumba nzima ilikuwa ya marehemu mumewe kabla serikali haijazitwaa nyumba za kupangisha. Sasa alibaki mpangaji kama sisi, chumba kimoja na jiko, na wala hakununa. Mtaani tuliwaita wote Mabaniani, lakini yeye alikuwa Mjaini, watu wa dini nyingine ya kwao India. Hali nyama, hali yai, hali hata kitunguu, na jua likishazama hanywi hata tone. Ndiyo maana ndoo ziliwahishwa. Mimi nikishinda na kiu, nani atanikimbilia?

Halafu chumbani kwetu kukawa kimya. Huyu bwana alikuwa na ulimi mkali na mkono mzito. Kabla ya hizo ndoo kuanza, alinipiga kibao pale pale uani kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi, wapangaji wote wanatazama. Akaapa hatarudia. Haya, aliapa. Lakini tangu siku hiyo, akinyoosha mkono hata kuchukua kiberiti, mimi najikinga uso. Mwenye kovu usidhani kapoa. Sasa ghafla hafoki, hagongi meza, mende akipita anamfagia nje taratibu. Nikasema moyoni, mwanamume hapoi bure, yuko anayempoza.

Kwenye foleni ya sukari, shoga yangu wa chumba cha pili akanimaliza kabisa.

"Shoga, mumeo kaolewa ghorofani. Kile kikombe hukioni?"

Nikaanza kuchungulia. Kweli, kila akishuka alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili. Anainama kwenye pipa letu, anakimimina polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Maji hayo tunakunywa sote. Nikajua, limbwata hilo. Keshamlisha mume wangu, sasa anatulisha na sisi ili tusione. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Jioni moja nikamfuata juu. Sikubisha hodi. Nilimkuta mjane amefunga kitambaa cheupe mdomoni mwa mtungi, mume wangu anamimina maji juu yake, na wote wawili wamenyamaza kama wako ibadani. Ule ukimya ulinichoma kuliko kama ningewakuta wanacheka. Mimi na mume wangu hatukuwahi kunyamaza pamoja namna ile.

"Dawa gani mnatuwekea kwenye pipa?" nikauliza.

Mjane hakushtuka. Alikisuuza kitambaa ndani ya kikombe, akanionyesha. Maji matupu.

"Humu mna viumbe vidogo, dada. Macho hayavioni. Vikibaki kwenye kitambaa vitakufa, kwa hiyo vinarudi vilikotoka. Dini yetu inatuambia usiumize chenye uhai, hata kama hukioni."

"Na mume wangu anahusikaje na wadudu wako?"

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama ndoo. Basi mjane akasema.

"Siku ile ya kibao nilisikia kutoka dirishani. Kesho yake alikuja kuniomba radhi kwa ajili ya zile kelele. Nikamwambia, anayestahili radhi si mimi. Akaniuliza sisi tunafanyaje mpaka mkono usipige. Nikamwambia mkono haufundishwi kwa kiapo. Nikampa kikombe."

Mwingine angefurahi. Mimi sikufurahi hata kidogo, wivu ulinipanda mpaka kooni. Angekuwa amemfuata kwa mapenzi ningejua pa kushika, ningemvuta zile nywele zake za mafuta. Lakini kumpelekea yule aibu yake, wakati shavu lililopigwa ni langu?

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza mume wangu.

"Ningekuambia nini?" akasema, bado anatazama ndoo. "Ningeahidi tena. Na wewe nilishakuahidi."

Nikakinyakua kikombe. Ndoo abebe yeye, lakini hicho nitakishusha mimi. Mjane alinifungulia mlango.

Nikashuka ngazi nimekishika kwa mikono miwili, mume wangu nyuma yangu, watu wa uani wametoa macho. Nikainama kwenye pipa, nikamimina taratibu. Yeye akanyoosha mkono kuchukua kifuniko, ukapita karibu kabisa na uso wangu.

Sikujikinga. Nikatazama juu, dirishani kwa mjane aliyeufundisha mkono ule, na wivu ukanichoma kuliko siku zote.