Zamu ya Orie kwenye Joka la Mbao

Anayebisha akamuulize Orie mwenyewe. Yuko hai, meno yake kumi na tisa yako kinywani, na kila jioni tunakutana kwenye hamamu ya mtaani, yeye akinisugua mgongo, mimi nikimchimba habari. Humo majini ndimo nilimoipata hii. Kama nimetia chumvi, ni ile ya kuonjea tu.

Zamani, kabla simu hazijawa na akili, Orie alikuwa bingwa wa foleni wa mtaa wetu. Mifuko ya bahati ya Mwaka Mpya kule dukani, unayoinunua bila kujua kilichomo, yeye wa kwanza. Tiketi za mieleka, yeye wa kwanza. Alikuwa na kigoda cha kukunja, chupa ya chai, matonge ya wali yenye kipande cha plamu chachu katikati, na magazeti aliyoyasokomeza viatuni kuzuia baridi. Akibanwa na haja alitua mkoba wake chini na kuondoka. Hakuna aliyeugusa. Foleni ikisogea, mtu wa nyuma aliusukuma mkoba kwa mguu, polepole, kwa heshima, kana kwamba anamsukuma Orie mwenyewe.

Lakini foleni iliyompa jina ni ya Joka la Mbao, pale kwenye bustani ya michezo ya Kumomori. Joka ni reli iliyojengwa juu ya msitu wa nguzo za mbao. Kigari kinapanda taratibu mpaka kileleni, halafu kinaporomoka na roho yako. Foleni yake ilikuwa ya saa tatu, sikukuu saa tano. Nilimwona kwa macho yangu kijana aliyeingia mkiani mwa foleni ile hajaanza kunyoa ndevu. Alipofika mbele alikuwa ameshaoa msichana aliyesimama nyuma yake, na mtoto wao wa kwanza alikuwa mrefu wa kutosha kuruhusiwa kupanda.

Kisha bustani ikaleta zamu ya simu. Unaamka siku tatu kabla, saa moja kamili asubuhi unagusa kioo, unachagua saa yako ya kupanda Joka, basi. Siku yenyewe unatembea zako, unakula tambi umekaa kitako, saa ikifika unaonyesha simu mlangoni na kuingia. Lakini zamu zenyewe zinaisha kabla hujapiga chafya mara mbili. Na watu, waliokuwa wakipiga soga mpaka wakaoana, sasa wanatembea wameinamia viganja vyao kama wanaotafuta kibanzi, wakikimbia kutoka zamu hii kwenda zamu ile.

"Wamenistaafisha," Orie aliniambia siku ile, povu limemjaa kichwani. "Miaka arobaini nimejifunza kusimama. Leo wanataka kidole!"

"Kidole si unacho?"

"Ninacho. Hakina uzoefu."

Angeiacha ipite, kama si mumewe. Kansuke ni seremala, mtu wa milimani kaskazini, maneno yake kwa siku yanahesabika. Alikuwa mmoja wa waliojenga Joka, lakini hajawahi kulipanda. Ujanani alisema kupanga foleni ni kazi ya magunia. Baadaye nyonga ikaharibika. Akisimama robo saa, uso unakuwa rangi ya majivu. Basi bustani ikatangaza kwamba Joka limezeeka, litabomolewa, na siku ya mwisho ni Jumapili ya mwisho ya Novemba. Kansuke alisikia kubomolewa tu, tarehe hakuishika.

Jioni hiyo Kansuke hakula. Orie alimbana mpaka akatapika siri aliyoimeza miaka thelathini na minane.

"Kuna nguzo niliisimamisha kichwa chini."

Nyinyi mtasema, sasa hilo nalo ni neno? Kwa seremala wetu ni neno zito. Mti ukiwa nguzo lazima usimame kama ulivyoota, upande wa mizizi chini. Ukiupindua, unalia. Kansuke alikuwa na haraka siku ile, mvua inakuja, msimamizi anafoka, na alipogundua, nguzo ilikuwa imeshafungwa bolti. Akanyamaza. Tangu hapo kila kimbunga kikivuma alikaa kitandani akisikiliza, na Orie akidhani ni tumbo.

"Sasa unataka nini, Baba?" Orie alimuuliza.

"Nipande mara moja. Iko pale kigari kinapokaribia kilele, mkono wa kushoto. Niiombe radhi kabla hawajaikata."

Mwanamke mwingine angecheka. Orie alikwenda kununua simu.

Alijifunza kwa wiki mbili. Alfajiri ya Alhamisi, siku ya zamu za Jumapili kufunguliwa, alikaa sakafuni amevaa kaptula ya michezo, sijui kwa nini. Kwenye sikio la kushoto alishika simu ya waya, amepiga ile namba inayotaja saa, pi, pi, pi. Mkono wa kulia simu mpya. Ilipolia ile ya saa moja kamili, kidole kilishuka kama mwewe. Anasema kioo kilitoa moshi. Mimi nasema kilitoa mvuke, tuwe wakweli. Akapata nafasi mbili, saa nne na dakika ishirini. Dakika moja baadaye Jumapili yote ilikuwa imejaa.

Alikimbilia bafuni, Kansuke ana povu la dawa ya meno mdomoni. "Baba! Nimepata! Ni *shiasatte*!"

Yaani mtondo. Kansuke akaitikia kwa kichwa, akatema, akatabasamu, jambo ambalo hulifanya mara moja kila baada ya mashindano ya Olimpiki. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa neno moja. Kwa Orie, mzaliwa wa mjini, mtondo ni siku inayofuata keshokutwa. Kule milimani kwa akina Kansuke, neno hilohilo ni siku ya nne, sisi tungesema mtondogoo. Mke alisema Jumapili, mume akasikia Jumatatu. Wameishi miaka thelathini na sita ndani ya nyumba moja na hawakuwahi kugongana, kwa sababu Kansuke hakuwahi kupangiwa jambo la mbali kuliko keshokutwa.

Ijumaa akapanda treni kwenda kumtengenezea kaka yake paa kabla ya theluji. Jumamosi jioni Orie akapika wali wa maharage mekundu, wa sherehe, akangoja. Akapiga simu.

"Baba, uko stesheni gani?"

"Niko kwenye ngazi."

"Ngazi ya stesheni?"

"Ya paa. Nitashuka kesho, nirudi."

"Kesho ndiyo siku yenyewe!"

"Kesho siyo. Ulisema mtondo."

"Mtondo ndiyo kesho!"

"Mama, kesho itakuwaje mtondo? Kesho ni kesho."

"Alhamisi, nyani wee! Nilikuambia Alhamisi!"

"Kuanzia Alhamisi, mtondo ni Jumatatu."

"Jumatatu wanakuja na misumeno!"

Orie anasema alimsikia akishuka ngazi, nyundo ikimtangulia. Treni ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Ya kwanza ya alfajiri, na basi baada yake, vingemfikisha mlangoni saa tano na dakika kumi. Na zamu ya saa nne na ishirini ina dakika ishirini tu za kuchelewa. Baada ya hapo inafutika.

Jumapili Orie alifika Kumomori mlango ukifunguliwa. Alikwenda moja kwa moja kwa binti wa mlangoni mwa Joka, kofia yake ina pembe mbili za kitambaa.

"Mwanangu, mume wangu anachelewa. Naweza kuweka mkoba hapa?"

"Mkoba, Bibi?"

"Ushike nafasi yetu."

Binti aliutazama ule mkoba kwa huruma kubwa. "Bibi, mtambo hauoni mikoba. Unaona namba tu."

"Namba ya nani?"

"Ya simu yoyote itakayowekwa hapa."

"Sura hauangalii?"

"Hauna macho, Bibi."

Orie akasimama akifikiri. Na hapa ndipo ninapompendea huyu mwanamke, maana mimi ningelia, ningekula tambi na kurudi nyumbani. Yeye alikunja mikono ya sweta, akaanza kutembea kwenye uwanja uliojaa watu walioinamia simu, ambapo kuzungumza na usiyemjua siku hizi ni kama kumvua kiatu.

"Samahani, una zamu ya Joka saa ngapi? Samahani, mwanangu, saa ngapi?"

Watu walitazama viatu vyao. Mwanamume mmoja alijifanya analala wima. Mama mmoja alimfunika mtoto wake masikio. Orie aliwauliza mia moja na arobaini. Yeye anasema arobaini, lakini yeye ni mnyenyekevu. Saa nne na dakika kumi na tano akawafikia vijana wawili kwenye benchi, wamenuniana. Msichana, Kotoha, alikuwa karibu kulia.

"Zamu yetu ni saa tano na dakika kumi," alisema. "Na basi letu la Nagoya linaondoka saa tano na nusu. Huyu hapa ndiye aliyechagua."

"Nilidhani tutawahi," kijana akanong'ona.

"Ulidhani!"

Orie alitoa simu yake mpya, ambayo bado ilikuwa na ile karatasi ya plastiki kiooni, akainyoosha kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. "Chukueni zamu yangu, ni sasa hivi. Nipeni yenu."

"Tubadilishane simu, Bibi? Na mtu tusiyemjua?"

"Mimi ni Orie Tsukuda, nakaa nyuma ya hamamu ya Tsuruno. Sasa mnanijua."

Kotoha alitazama saa. Kisha akaitoa simu yake, yenye picha zake zote, barua zake zote na maisha yake yote, akaiweka mkononi mwa bikizee mwenye magazeti viatuni. Wakaenda wote watatu kwa binti wa mlangoni.

"Inaruhusiwa?" Orie akauliza.

Binti alifikiri. "Haijaruhusiwa."

"Imekatazwa?"

"Haijakatazwa pia." Halafu akageuza pembe zake upande wa pili na kutazama mawingu, muda wa kutosha kabisa.

Vijana wakapanda. Orie akabaki chini ameikumbatia simu ya watu. Sasa sikilizeni. Kigari kiko kileleni, simu ya Orie ikalia mfukoni mwa Kotoha. Msichana wa watu, kwa mazoea, akaipokea. Ni Kansuke, yuko kwenye basi.

"Mama?"

Na Joka likaporomoka. Kilichoingia sikioni mwa Kansuke ni ukelele wa mwanamke, ngurumo ya mbao, upepo, kisha simu ikakatika.

Mzee wa watu alijua moja tu: nguzo yake imevunjika. Kilio alichokingoja miaka thelathini na minane kimetoka, na kimemchukua mke wake. Basi lilipofika, aliruka kabla mlango haujamaliza kufunguka, akakimbia na nyonga yake mbovu. Wanaosema alimpita farasi wa bembea ni waongo. Farasi wale wamefungwa, hawaendi popote. Alimpita mwendesha baiskeli.

Alimkuta Orie amesimama chini ya Joka, mzima, anatafuna tonge la wali.

"Imeanguka?"

"Nini?"

"Nguzo!"

"Kilichoanguka ni akili yako. Saa tano na kumi na tano, twende!"

Kansuke alimshika mabega, akamgeuza kushoto na kulia kama mtu anayekagua ubao, halafu akatazama juu. Joka lilikuwa limesimama. Nguzo zote zilikuwa zimesimama. Akavua kofia na kujifuta uso, na Orie anaapa hakikuwa kijasho.

Mlangoni mtambo ukasema ting. Kotoha akapokea simu yake, akainama mara tatu, Orie akainama nne, mpaka kijana akamvuta mchumba wake wakakimbilie basi. Ndani hapakuwa na foleni. Kansuke hakusimama hata dakika tano. Ingekuwa zile enzi zetu za foleni ya saa tatu, nyonga ile ingemrudisha kabla hajaona ngazi. Siipendi zamu ya simu, nasema wazi, imetunyima ndoa nyingi. Lakini siku hiyo ilimkalisha mzee mahali ambapo miguu yake isingemfikisha.

Kigari kikapanda taratibu, tak, tak, tak. Karibu na kilele, mkono wa kushoto, Kansuke akaitambua. Mafundo ya mti yanatazama chini badala ya juu. Akaweka kofia kifuani, akainamisha kichwa.

"Bwana nguzo," akasema, "mimi ni Kansuke, yule kijana. Ulibeba watu kichwa chini miaka yote hii na hukunisema. Naomba sama—"

Joka likashuka. Ile "haniiiiii" ilizunguka reli nzima, kona zote saba, ikapita juu ya duka la tambi, na inasemekana wapishi walimjibu, "Haina neno!" Alipoteremka nywele zimemsimama. Usiku ule alilala mpaka jua lilipomchoma mguu, mara ya kwanza Orie anamwona hivyo.

Bustani ilipobomoa Joka, iligawa vipande vya mbao kwa waliovitaka, navyo pia kwa zamu ya simu. Safari hii Kansuke aligusa kioo mwenyewe. Alikwenda, akatafuta baina ya magogo siku nzima, akarudi na kipande cha nguzo yake, kirefu kama mtoto wa miaka sita. Kiko kwao mlangoni, kimesimama upande wa mizizi chini, na hakuna anayeruhusiwa kukitundikia mwavuli.

Juzi majini Orie aliniambia, "Shoga, njoo ukione. Mzee wangu amekipiga nta."

"Nije lini?"

"Njoo mtondo."

"Wako au wa mumeo?"

Akanimwagia kopo zima la maji ya baridi.