Nafasi Kando ya Kaburi la Baba

Mama alitaka twende mwezi wa saba, kwenye baridi kali, ingawa nilimsihi tusubiri. Anakaa kwangu Uyole, Mbeya, tangu miguu ilipoanza kumsumbua, na muda wote huo hakuwahi kuomba kupelekwa popote ila kanisani na hospitali. Sasa aliomba kupelekwa kwake. Kwake ni Kilolo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga babu yangu, mwalimu wa dini, aliyefundisha watoto kusoma sebuleni kabla kijiji hakijawa na shule. Siku hizi haikai mtu. Inahifadhiwa kama kumbukumbu, ina kibao barabarani, na watu huenda kuitazama.

Nilijua anachokifuata huko. Ndiyo maana nilikuwa nasema tusubiri.

Tulilala Iringa mjini kwa mdogo wangu, asubuhi tukapanda milimani ukungu ukiwa bado umetanda. Mlangoni alitupokea binti aliyevaa sare. Alimwamkia mama kwa adabu, kisha akatuletea daftari la wageni.

"La nini hili?" mama aliuliza.

"Kila mgeni anaandika anakotoka, bibi."

Mama alinitazama. Niliandika haraka kwa niaba yetu wote wawili, Mbeya, kama wapita njia. Sikumwambia binti sisi ni nani. Nilitaka tuzunguke kimyakimya, tutoke, turudi.

Ndani kulikuwa safi kupita kiasi. Kitanda cha wazazi wangu kilizungushiwa kamba. Jikoni mafiga yalikuwepo na chungu kilikuwepo, lakini masizi yote yalikuwa yamekwanguliwa, kuta zimepakwa chokaa. Mama, aliyepikia humo tangu alipoolewa, alipitisha kidole ukutani akakiangalia.

"Jiko gani hili?" alisema. "Si bora mseme ni zahanati."

Binti alicheka, akamwomba asiguse. Nilikasirika, halafu nikakumbuka kwamba sina haki ya kumkasirikia mtu yeyote katika nyumba ile.

Vyumba vingine mama hakuvitaka. Alitokea mlango wa nyuma, akateremka taratibu hadi kwenye makaburi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na mke hulala kando ya mumewe. Babu na bibi wako pamoja. Baba yuko peke yake, na kushoto kwake paliachwa nafasi. Mama alikuwa akipapalilia pale kila alipopalilia kaburi, huku akitutania kwamba anatandika kitanda. Sasa pamemwagwa kokoto, na juu ya kokoto kuna benchi la wageni kupumzikia.

"Hili benchi mtaliondoa," mama alimwambia binti, bila ukali. "Hapa ni pangu."

Binti alichukua muda kuelewa. "Pole sana, bibi. Hapa hawaziki tena. Familia ilikubali, imo kwenye mkataba."

"Familia ipi?"

"Ya hapahapa. Alisaini mtoto wao mkubwa. Ni mwalimu, yuko huko Mbeya."

Natamani ningeweza kusema nilidanganywa. Karatasi ililetwa siku ya sherehe ya kukabidhi nyumba kwa watu wa makumbusho, turubai limeshasimamishwa, pilau linanukia, wageni wamekaa wakingoja kupiga makofi. Niliisoma yote, maana walimu tuna ugonjwa huo wa kusoma kila kitu. Nilifika kwenye kipengele cha makaburi nikakirudia. Niliwaza paa lililokuwa likivuja, ambalo sisi watoto tulishindwa kulibadilisha. Niliwaza pia nitakavyoonekana nikiweka kalamu chini mbele ya watu wote wale. Nikajiambia mama bado ana nguvu, hayo ni ya baadaye. Nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akipika na wanawake wenzake, na makofi yalipopigwa nilisikia vigelegele vyake.

Pale makaburini hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimsalimia baba kwa Kihehe, kwa sauti ileile aliyoitumia akirudi shambani, halafu akaketi kwenye lile benchi. Binti aliondoka akatuacha.

"Uliisoma kwanza?" mama aliuliza.

"Niliisoma, mama."

Alitikisa kichwa mara moja. Tukiwa njiani kurudi Mbeya nilimnunulia chai Makambako, aliishika tu mikononi mpaka ikapoa.

Nimeandika barua kwa wahusika kuomba kipengele kile kifutwe. Wamejibu kwamba ombi limepokelewa. Nimeandika tena. Mdogo wangu alinipigia simu akaniambia niache kujitesa, maji yakimwagika hayazoleki, nami nikamkatia simu.

Jumamosi iliyofuata niliamka nikamkuta mama uani, amejifunga blanketi, fimbo mkononi. Alikuwa akitembea kutoka kwenye ukuta wa jirani kuelekea kwenye mparachichi, hatua fupifupi, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye mparachichi alisimama, akachokoa udongo kwa ncha ya fimbo.

Nilimwambia, "Shikamoo mama. Ingia ndani, kuna baridi."

"Marahaba," alijibu, macho yake yakiwa bado chini. "Naingia. Kwanza niambie ukweli, mwanangu. Na hapa napo umeshasaini?"