Tafi Aliyeshiba

Harufu ya ukoga mbichi unapokwanguliwa sijaweza kuizoea wala kuisahau. Juma lililopita nilipanda juu ya tangi la maji la nyumba ninayopanga hapa Nakuru, nikaingiza mkono wenye kisu kikuukuu, na kile kijani chenye utelezi kilipoanza kubanduka, nikajikuta nimekaa tu, kazi nimeiacha. Mwenye nyumba akaniuliza kutoka chini kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia hapana. Sikumwambia kwamba kwa dakika ile nilikuwa nimelala chali juu ya kitanda cha kamba, mbali sana na pale, na mama yangu anakwangua kioo kando ya kichwa changu.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Voi, nimekaa Tanga, Kisumu nimekaa mara mbili, na kila nilipokaa jicho langu lilikuwa barabarani. Watu wa kwetu husema ni tabia tu. Mimi nadhani ilianza katika ile miezi niliyolazwa nikiwa na miaka kumi, wakati safari ndefu kuliko zote niliyoweza kuifanya ilikuwa kugeuza shingo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, bendera mpya bado haijapauka kwa jua. Kijiji chetu kiko kati ya Ukunda na Msambweni, karibu na bahari kiasi kwamba nguo zikianikwa usiku huamka na chumvi. Nilipanda mkorosho wa jirani, si kwa ajili ya korosho, maana hazikuwa zimekomaa, bali kwa sababu wenzangu walisema sitafika tawi la juu. Nilifika. Kisha tawi nalo likafika chini, pamoja na mimi. Paja la kulia likavunjika. Hospitalini nilifungwa plasta nyeupe kuanzia kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu, nikarudishwa nyumbani nimebebwa kama mlango. Daktari alisema miezi mitatu bila kusimama. Akasema pia nile sana, mayai hasa, mfupa upate kuunga.

Baba alinitandikia sebuleni, chini ya dirisha la mashariki, ili wageni wanione na mimi nione watu. Alifanya kwa wema. Lakini sebule yetu ilikuwa njia. Asubuhi hadi jioni walipita dada zangu, majirani, wateja wa baba waliokuja kuulizia vitanda vyao, na wanawake waliomletea mama habari. Na mimi, kwa vile sikuweza kuinuka, haja zangu zote zilikuwa za ndoo iliyokaa chini ya kitanda. Mama alininyanyua, akaniweka sawa, kisha akaivusha ndoo ile uwanjani mbele ya macho ya watu mpaka chooni. Siku moja msichana wa jirani, tuliyekuwa naye darasa moja, aliziba pua akacheka. Tangu siku hiyo nikapata akili yangu mwenyewe: asiyekula hahitaji ndoo. Nikaanza kuficha chakula.

Katika majuma hayo ndipo sanduku la kioo lilipofika. Baba alikuwa seremala, na alikuwa ametengeneza madirisha na makabati katika nyumba kadhaa za Wazungu ufukweni Diani. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anafunga virago kurudi kwao, akamwachia baba tangi lake la samaki, lenye pembe za chuma na kioo pande zote nne. Baba alilileta kwa mkokoteni, akaziba nyufa kwa lami, akaliweka juu ya meza kati ya kitanda changu na dirisha. "Maadamu huwezi kwenda baharini," aliniambia, "wacha bahari ije ikusalimu."

Maji aliyachota baharini kwa madebe mawili, akiyafunga kwenye baiskeli, na kila baada ya siku moja alibadilisha nusu. Pampu hatukuwa nayo, wala umeme. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kata ya kifuu na kuyamimina tena kutoka juu, yapate hewa. Shangazi Mwanatumu, dada yake baba, aliyekuwa akiwinda pweza miambani maji yakitoka, alituletea wakazi: samaki wawili wadogo wenye mistari, kaa mmoja aliyejificha ndani ya kombe la konokono, na samaki mwingine, tafi mchanga wa urefu wa kidole, rangi ya kahawia yenye madoa. "Huyu usimguse," alinionya. "Mgongo wake una miba, na miba yake ina sumu. Muulize kidole changu." Jua la asubuhi lilipoingia dirishani lilipita kwanza ndani ya maji yale, na ukuta wa udongo wa upande wa pili ukawa unatikisika kwa nuru. Nilijua kila mtikisiko wake. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke, nilikuwa nikiamka nikitaka kuamka.

Yule mama wa Kizungu alikuwa amemwachia baba sharti moja: samaki wapewe chakula mara moja kwa siku, kiasi cha ukucha. Baba aliporudia maneno hayo nyumbani, mama aliweka mkono kiunoni.

"Ukucha? Ukucha wa nani?"

"Wa kidole kidogo," baba alisema.

"Ndiyo maana wanarudi kwao wembamba," mama alisema. "Kwangu hali mtu kiasi cha ukucha."

Nawaomba mwelewe kwamba huo haukuwa ukaidi. Kwetu kiumbe akiwa ndani ya nyumba yako ni mgeni wako, na huwezi kukaa ukitafuna mbele yake naye anakutazama kwa macho yale ya duara. Basi kila aliyeingia aliwakaribisha. Fundi aliyekuja kuazima msumeno aliwamegea mkate. Bibi wa jirani aliwaletea mhogo wa kuchemsha, akautafuna kwanza ili wasipate taabu. Na mimi, wote wakitoka, niligeuza shingo, nikanyoosha mkono, na sima yangu ikaenda majini tonge kwa tonge. Mayai yalikuwa rahisi zaidi, viini vyake vilipukutika na kuzama kama vumbi.

Mwanzo kioo kilipata ukungu kidogo, kama wa pumzi ya mtu. Halafu ukawa ukoga, kijani kwanza, kisha kahawia pembeni. Mama aliusugua kwa makumbi ya nazi, asubuhi ukawa umerudi. Juma la tatu zikaota nywele. Sijui niziite nini tena. Zilikuwa nyuzi ndefu za kijani zilizoshika kila jiwe, zikayumba, zikamfunga kaa wetu mpaka akawa kama mzee mwenye ndevu. Maji yakanuka. Samaki mmoja wa mistari alikufa. Nuru ya ukutani ikafifia kuwa kivuli kibichi, na baadaye haikuja kabisa. Upande ule ambao ulikuwa dunia yangu ukawa umefungwa tena.

Wakati huohuo alipita dresa, msaidizi wa daktari, kunitazama. Alinishika mkono, akanitazama mbavu, akamwita mama kando, lakini si kando ya kutosha. "Huyu anakonda," nilimsikia. "Akiendelea hivi mfupa hautaunga, na itabidi arudi alazwe hospitali." Mama alisema ananipa kila kitu. Alisema nala, sahani zinarudi tupu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeapa. Usiku baba alilitazama sanduku akasema harufu hii ndiyo inayomwondolea mtoto hamu ya kula. "Ijumaa nikitoka msikitini nalimwaga," alisema. "Kioo kitafaa kabati."

Nililia nimejifunika shuka. Nililijua jambo moja ambalo wao hawakulijua, na sikuweza kulisema bila kuitaja ndoo.

Alhamisi alikuja shangazi Mwanatumu, leso zake zimelowa mpaka magotini.

"Hodi humu. Mgonjwa hajambo?"

"Sijambo. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sasa mbona samaki wangu mmewafungia chooni?"

Mama alicheka kwa uchovu akamweleza. Shangazi hakungoja maelezo yaishe. Alikunja mkono wa gauni, akachomeka mkono majini, akatoa fungu la zile nywele na kulinusa.

"Huu mwani. Tafi kazi yake ni hii. Kule miambani anautafuna kutwa kama mbuzi. Humu amezungukwa na shamba zima na anatazama tu." Akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Hebu oneni tumbo lile. Tafi aliyeshiba huyu. Anakula nini?"

"Kila anayekuja humpa kidogo," mama alisema.

"Kidogo cha watu wangapi? Huyu samaki ana harusi kila siku."

Baba, aliyekuwa mlangoni na futi yake mkononi, akacheka. Shangazi alichukua kata, akaichovya mpaka chini kabisa, akachota mchanga wa nyuma ya mawe, upande wa kitanda changu. Alipoitoa, ndani ya kata mlikuwa na donge la sima lililovimba na kuwa jeupe kama sabuni, na juu yake vipande vya manjano.

"Wageni wenu wanakuja na mayai?" aliuliza.

Nyumbani kwetu mayai yaliuzwa, isipokuwa moja kwa siku, la mtu mmoja. Mama aliitazama ile kata kwa muda mrefu. Shangazi naye alielewa, akaacha kucheka, akajifunga leso upya ingawa haikuwa imefunguka. Baba akafungua mdomo.

"Mwacheni," mama alisema. "Nendeni mkanywe chai."

Walipotoka aliketi ukingoni mwa kitanda. Nilingoja kofi. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mayai huyapendi?"

"Nayapenda."

"Basi nini?"

Macho ya mtoto hayana adabu; yalikwenda yenyewe chini ya kitanda, kisha mlangoni, ambako watu walikuwa wakipita. Mama aliyafuata. Akainyoosha shuka yangu pale ambapo haikuwa na kikunjo. "Haya," alisema, akaondoka.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, aliingia sebuleni na kipande cha kifuu na kutangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Shangazi ameagiza kioo kikwanguliwe kila siku, maji machafu yatamwagika ovyo, wote nje, na asiingie mtu mpaka atakapofungua. Akawatoa hata wateja wa baba. Akasukuma komeo. Alikwangua kwanza, krr, krr, wengine wasikie, na harufu ile ya kijani ikajaa chumbani. Halafu akavuta ndoo, akaninyanyua, akanigeuzia mgongo huku akiendelea kukwangua. Mwisho alichota maji ya samaki na nyuzi zake za mwani akayamimina juu ya yote, akafunika, akafungua mlango na kupita katikati ya uwanja akisema, "Pisheni, maji ya samaki haya, yananuka." Watu walipisha. Waliziba pua kwa sababu ya samaki.

Ijumaa hiyo baba hakulimwaga sanduku. Shangazi alikuwa ameomba apewe majuma mawili. Dirisha lilizibwa kwa mkeka saa za jua kali, na kila mgeni alikatazwa kulisha, jambo lililomletea mama lawama za uchoyo ambazo alizipokea bila kujitetea. Tafi alivumilia siku tatu. Siku ya nne nilimwona akichuna jiwe, kwa haya, kama anayejaribu. Baada ya hapo hakuacha. Nami nilikuwa nakula. Sahani zilirudi tupu kwa haki, na jioni niliomba nyongeza. Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba na mweupe kama mzizi wa mhogo, lakini mfupa ulikuwa umeunga. Safari yangu ya kwanza kwa magongo ilikuwa kwenda ufukweni na baba, kumrudisha tafi wetu miambani. Hakugeuka kutuaga.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya samaki. Kisha, nikiwa Voi nikipaka rangi majengo ya kambi ya mkonge, tulilala wanaume sita chumba kimoja, na mmoja wetu, Mutua, aliumia nyonga. Chakula chake kikawa kinarudi kama kilivyokwenda. Wenzetu walisema anajidekeza. Mimi nilitazama sahani, nikatazama alivyokuwa akihesabu watu mlangoni, nikawaambia wote watoke nisafishe mikebe ya rangi. Nilikuwa katikati ya uwanja, ndoo mkononi imefunikwa kwa gunia, nikisema kwa sauti kwamba ni maji ya rangi, niliposimama ghafla. Ndipo nilipokumbuka kwamba tafi alikuwa ameumaliza ule mwani ndani ya majuma mawili. Mama aliendelea kukwangua kwa mwezi na nusu.

Nilipokwenda nyumbani wakati wa sikukuu ya Idi nilimkuta mama akipepeta mchele. Nikaketi karibu.

"Mama, lile sanduku la samaki. Kioo kilikuwa kimekwisha kuwa safi. Ulikuwa unakwangua nini?"

"Kilikuwa kichafu," alisema.

"Nilikuwa nimelala karibu nacho, mama. Niliona mpaka minazi ya nje."

Alipuliza makapi, akachagua kijiwe kimoja, akakitupa. "Wewe uliangalia kwa upande wako," alisema. "Kwa upande wangu kilikuwa kichafu. Sogeza huo ungo, usinimwagie mchele."

Nikausogeza. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumshukuru, nimeyapanga njia nzima kutoka Voi. Nikaona kwamba nikiyasema nitakuwa nafunua kitu ambacho yeye, baada ya miaka yote ile, alikuwa bado amekishikia mfuniko. Nikayameza. Alipopakua, nilikula mbele yake mpaka sahani ikang'aa, na alipouliza kama aniongeze, nilisema ndiyo.