Mbaazi Zilizoanikwa Mara Mbili

Pale ghalani hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Jino. Bosi alimwita Jino, wapagazi walimwita Jino, na wakulima waliotoka mbali na magunia yao juu ya mkokoteni walikuwa wakiuliza getini, "Jino yupo leo?" kabla hata ya kusalimia. Lilikuwa jina la kazi. Alikuwa mpimaji wa mazao, na vifaa vyake vilikuwa viwili tu: bambo na gego la upande wa kulia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Gunia linashushwa mlangoni. Jino analichoma kwa bambo, kile kichuma chenye tundu kilichochongwa ncha kama mkuki, na mbaazi zinateremka ndani yake mpaka kiganjani, chrrr, kama mvua ya dakika moja. Anazitandaza kwa kidole gumba. Anatafuta zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizojikunja, na vijiwe vinavyojifanya mbaazi. Mwisho anachukua moja, anaipeleka kwenye gego na kuuma. Ikipasuka "ka!" na kutoka vipande viwili safi, basi imekauka. Ikibonyea, bado ina unyevu, na ikiingia ghalani itavunda na kuziambukiza nyingine. Kifaa cha kupimia unyevu kilikuwepo, lakini kilikuwa kimelala kabatini tangu betri zake zilipovujia ndani. Hakuna aliyekikumbuka.

Akishauma anatamka daraja la gunia kwa neno fupi. "La kwanza." Au, "La pili." Au, "Kaanike." Kwa miaka kumi na minane watu walikuwa wakibishia bei, wakibishia mizani, wakibishia hata nani kamtangulia nani kwenye foleni, lakini neno la Jino hawakulibishia. Aliwahi kumrudisha baba mkwe wake na magunia manne mbele ya umati mzima. Mzee wa watu akafunga magunia yake, akaenda kuanika, na mwaka uliofuata akaja kwa Jino yuleyule. Jino hakuwa na shamba wala nyumba ya maana. Neno lake ndilo lilikuwa shamba lake.

Msimu huo mbaazi zilikuwa nyingi na nzuri kuliko miaka yote. Asubuhi ya kwanza ya ununuzi, kabla geti halijafunguliwa, bosi alimwita ofisini.

"Jino, funga mlango."

Akafunga. Feni ilikuwa ikizunguka polepole, inakoroga vumbi lilelile. Bosi alinyoosha kidole kuelekea kwenye kioo kinachotazama ndani ya ghala.

"Unayaona yale?"

Nani asiyeyaona? Magunia ya mwaka jana yalikuwa yamepangwa mpaka yakagusa mbao za paa.

"Yale yalikuwa yapande meli. Jana mnunuzi wa ng'ambo kanipigia simu. Serikali yao imeweka ushuru. Mbaazi za nje zikishuka bandarini kwao, anayeziingiza analipa kwanza nusu ya thamani yake, ndipo aruhusiwe kuzitoa."

"Nusu?"

"Nusu. Sasa unadhani hiyo nusu anaitoa mfukoni mwake? Anaikata kwangu. Na mimi nimkate nani?"

Jino alitazama nje. Foleni ilishaanza. Mtu wa mbele alikuwa ameketi juu ya gunia lake anapiga mswaki.

"Lakini bosi, wameuweka kwa nini?"

"Wakulima wao wamevuna sana. Wanalindwa wasije wakaangushwa na mbaazi za nje."

"Kumbe na wao ni wakulima tu kama hawa."

"Kama hawa kabisa. Ila wale wana mtu wa kuwalinda."

"Basi tuwaambie hawa ukweli. Bei imeanguka, sababu ni hii."

Bosi akacheka kwa uchovu. "Nani ataamini? Nitoke pale mlangoni niseme bei imekatwa na nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga? Watasema bosi mwizi, na wengine watataka kuchoma ghala. Lakini wewe ukisema zina unyevu, nani atabisha? Anayetaka kuuza hivyohivyo, tunampa bei ya daraja la pili, ndiyo ninayoiweza. Anayetaka ya la kwanza, akaanike. Labda akirudi ushuru utakuwa umeondolewa. Hakuna ugomvi, hakuna wa kulaumiwa."

"Jua ndilo litalaumiwa," alisema Jino.

Bosi akacheka tena, akidhani ni utani.

Jino angeweza kukataa siku ile. Alitoka ofisini akiwa na maneno ya kukataa mdomoni, yako tayari kabisa. Lakini nyuma yake bosi alikuwa anapiga simu kwa sauti ya kubembeleza, ile sauti ya mtu anayeomba aongezewe siku za kulipa deni, na Jino akafikiri: huyu akifunga ghala, hawa watauza kwa nani? Akashika bambo. Gunia la kwanza likachomwa, mbaazi zikamwagika, gego likauma. Ka! Kavu kama mfupa.

"Zina unyevu," akasema Jino.

Mwenye gunia, yule wa mswaki, akamtazama kwa mshangao. "Unyevu? Jua la mwaka huu hata mijusi wamehama, unyevu utoke wapi?"

"Kaanike, au uza kama la pili."

Yule mtu akajikuna kichwa. Akauza kama la pili. Wiki nzima ikawa hivyo. Gego linasema hivi, mdomo unasema vile. Kila "ka!" ilimpiga Jino kichwani kama konzi. Alianza kuwakasirikia wakulima wenyewe, tena kwa kosa la kumwamini. Mbishi mmoja tu na yatakwisha, alikuwa akijisemea. Mtu mmoja tu aseme, wewe mwongo. Lakini wapi! Walichofanya ni kutania.

"Jino, hilo gego sasa lipewe kiinua mgongo, limezeeka."

"Si gego, ni masikio. Hasikii likilia."

Wanacheka, wanauza bei ya hasara, wanaondoka. Na yeye anabaki na hasira zisizo na pa kwenda. Amkasirikie nani? Bosi ana magunia mpaka darini. Mnunuzi wa ng'ambo anakatwa na serikali yake. Na ofisa aliyetia saini karatasi ya ushuru hajawahi kusikia habari za Jino, wala hajui mbaazi inalia vipi ikiumwa.

Siku ya nane akaja dada yake.

Huyu alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimwogesha, alimpeleka shule, na ndiye aliyemfundisha kuuma mbaazi, wakiwa wawili uani, Jino akiwa na meno ya utotoni bado. Alikuja na magunia manane. Mwaka huo alikuwa amelima kwa nia moja tu: apate pampu ya maji, aache kupanda kile kilima na ndoo kichwani ili kumwagilia mboga zake. Pampu alishaichagua dukani. Alikuwa ameishika mpini kabisa.

"Mdogo wangu, nipimie haraka nirudi. Za mwaka huu hata wewe utazionea wivu."

Jino akachoma bambo. Mbaazi zilizotoka zilikuwa safi kiasi kwamba wapagazi walisogea kuzitazama. Nene, zinang'aa, hakuna hata moja yenye doa. Akauma. Ka!

Bosi alikuwa amesimama kwenye kioo.

"Zina unyevu kidogo, dada."

Dada akakunja uso. Akachukua mbaazi moja, akaiuma mwenyewe. Ka! Mlio ulisikika hadi kwenye mizani. Jino akashusha pumzi. Haya, sasa ataniambia mwongo, na yatakwisha.

"Hii naona imepasuka vizuri," alisema dada taratibu. Akatafakari. "Lakini wewe ndiye unayeuma kila siku. Mimi uzee huu, jino langu limeshanidanganya. Basi sawa, nikaanike."

"Au uuze kama la pili tu, dada. Isiwe taabu."

"La pili? Mbaazi zangu? Thubutu! Naanika."

Akapakia magunia yake manane akaondoka. Jino alimwona akihangaika na kamba ya mkokoteni, akachoma gunia lililofuata.

Usiku ule hakulala vizuri, na uliofuata pia. Kila mara alijiambia, kesho nitamfuata nimwambie asianike. Kesho ikawa na foleni ndefu. Kesho kutwa bosi alikuwa na hasira. Siku zikaenda, na jua lilikuwa kali la kupasua mawe.

Dada alirudi baada ya siku sita. Alikuwa amepauka, mikono imejaa vumbi la turubai.

"Nimezigeuza asubuhi, mchana na jioni," alisema, akivuta pumzi. "Wanangu wamezilinda dhidi ya kuku na mbuzi kama askari. Kama bado zina unyevu, basi unyevu huo ni wangu mimi, unipime mimi."

Watu wakacheka. Jino hakucheka. Alikuwa ameona magunia. Yalikwenda manane, yamerudi saba na nusu. Akachoma bambo, na kabla mbaazi hazijafika kiganjani alishasikia: hazikumwagika chrrr kama zamani, zilikwaruza. Zilikuwa zimepasuka. Nusu nusu, maganda yamebambuka, vumbi jeupe limejaa kiganjani. Mbaazi kavu ukiianika tena kwenye jua kali, haikauki zaidi. Inavunjika.

"Dada," alisema Jino. "Siku ile hazikuwa na unyevu."

"Unasema?"

"Zilikuwa la kwanza. Zote, za kila mtu, msimu huu wote. Niliambiwa niseme hivyo." Akaeleza, kwa haraka na kwa kukwama-kwama: nchi inayozinunua, ushuru, nusu ya thamani bandarini, bei iliyoshuka. Mpagazi aliyekuwa na gunia begani alilishusha chini.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huo ushuru mimi siujui. Sijawahi kukutana nao. Haujawahi kuja kwangu ukala, wala sikuuogesha. Wewe nakujua."

"Dada, hata ningesema kweli, bei ingekuwa ileile."

"Ingekuwa ileile, na mbaazi zangu zingekuwa nzima!" Ndipo sauti yake ilipopanda. "Ningeziweka ndani nikasubiri. Mbaazi nzima inasubiri mwaka mzima. Hizi zitasubiri nini? Hizi sasa ni chakula cha kuku!"

Mpagazi mmoja, kwa nia njema, akasema, "Ndiyo hivyo, mama. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi."

"Nyasi ni wewe!" Dada akamgeukia. "Mimi nina mdomo. Ningeulizwa, ningejibu."

Kelele zikalipuka. Yule wa mswaki, aliyekuwa amerudi na gunia jingine, alidai arudishiwe lile alilouza siku ya kwanza. Mwingine akapiga ukuta wa bati kwa fimbo. Bosi ikabidi atoke. Alisimama mlangoni, jasho linamtoka, akaeleza mwenyewe habari ya ushuru, akaonyesha magunia ya mwaka jana, akaonyesha ujumbe wa mnunuzi kwenye simu. Hakuna aliyechoma ghala. Walimtukana, hilo ndiyo. Walitukana na ng'ambo, na meli, na bandari. Halafu wakatulia, maana bei ilibaki palepale. Hasira ya watu arobaini haikuisogeza hata senti moja. "Ungetuambia siku ya kwanza," alisema mzee mmoja, bila kupaza sauti, "kila mtu angejua la kufanya."

Bosi akamsogelea Jino, akamnong'oneza, "Mpe dada yako la kwanza. Mpe, yaishe."

Dada alisikia. Foleni nzima ilisikia.

"Haya, mpimaji," alisema dada. "Pima."

Jino alitazama kiganja chake. Maganda, vipande, vumbi. Alitaka kusema la kwanza kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Angelipa hata kwa mshahara wake. Watu wote pale wangelikubali neno hilo siku ile, na wengine wangepiga makofi.

"La pili, dada."

Dada akatikisa kichwa polepole, akikubali. "Ndiyo. Ni la pili." Akamgeukia karani wa mizani. "Andika." Hakumtazama tena Jino, wala hakumngoja amsaidie kushusha.

Aliyefuata alikuwa yule mzee. Jino akachoma gunia lake, mbaazi zikateremka, akazitandaza, akachukua moja kuipeleka mdomoni. Mzee akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Niwekee hapa." Akakinga kiganja chake mwenyewe. Akachagua moja, akaitazama, akaiuma kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Ka!

"La kwanza," alisema mzee.

Nyuma yake mwanamke mmoja alishafungua gunia lake na kuingiza mkono. Wa nyuma yake naye. Foleni yote ikawa inauma, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu anatangaza daraja lake. Jino alisimama mlangoni na bambo lake, anatoboa gunia, anamimina kwenye kiganja cha mwenye gunia, anasubiri aambiwe.