Mjane aliyekataa kutakaswa afungua tanuru mbele ya kijiji

Jua halijatoka, na Laineti Zunda anazunguka tanuru lake akiwa peku. Kila baada ya hatua mbili anasimama, anabandika kiganja ukutani, anatulia kidogo, kisha anasonga mbele.

Leo ni siku ya tisa tangu awashe moto. Upande wa mtoni ukuta umepoa kabisa. Upande wa njiani bado una joto la mtoto aliyeamka na homa.

"Bado kidogo," anasema. "Likipoa lote ndipo nitafungua. Safari hii hakuna wa kuniharakisha."

Tanuru limempita kimo. Ndani yamo matofali elfu kumi na moja, yote ameyafyatua kwa mikono yake tangu mwezi wa tano, akichota udongo bondeni na maji mtoni. Kanisa lake, ambalo jengo lake lilichukuliwa na mafuriko ya mwaka juzi, limeahidi kununua elfu nane kwa kwacha themanini kila moja, yakitoka yameiva. Akipata fedha hizo, atanunua mabati na kuezeka nyumba atakayoijenga kwa matofali yatakayobaki, kabla ya mvua za Novemba.

Yakitoka mabichi, mvua itamkuta na watoto wake watatu chini ya turubai kwa mwaka wa tatu.

Lakini hapa Chidzere, kwenye kijiji cha Wasena kando ya mto Shire, watu hawaulizi kama moto ulitosha. Wanauliza kama moto umemkubali.

Mumewe, Fakisoni, alifariki kwa malaria kwenye kambi ya waliohamishwa na maji, wiki ya tatu baada ya mafuriko. Alipozikwa, wazee wa ukoo walikaa kikao kifupi. Mila ya hapa inataka mjane alale na mwanamume wa ukoo wa marehemu, ili kifo kitoke nyumbani; huko ndiko kutakaswa. Aliyeteuliwa ni Tenesi, mdogo wa marehemu. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama chini muda wote.

Laineti aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasimama.

"Niliwaambia, mume wangu nimemzika kwa sala, na kifo kimetoka kwa sala," anakumbuka. "Kama kuna aliyebaki na hofu, aende akalale na mkewe, asinipitishie mimi hofu yake."

Hakutukanwa. Watu walinyamaza tu, na kunyamaza huko hakujaisha. Mjane asiyetakaswa, wanasema, akitia chumvi kwenye mboga, mlaji atabanwa kifua. Akipanda, mbegu zitaozea ardhini. Akiwasha moto wa tanuru, matofali hayataiva, na atakayelala ndani ya kuta zake hataamka mzima.

Msibani humkaribisha kuimba. Jikoni hawamkaribishi. Hata akina mama wa kanisa, wanaovaa sare moja na yeye, siku ya sikukuu humpa kazi ya kufagia uwanja.

"Nafagia," anasema. "Nafagia vizuri kuliko wote. Mungu hakuniita nikapike, aliniita nisimame."

Kazi ya matofali alianza kwa kukosa jingine la kufanya. Shamba la mume lilifunikwa mchanga na mafuriko. Magogo ya kuchomea yamekuwa adimu, na mwenye nayo hamuuzii. Siku moja akiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga aliona lundo la pumba zilizotupwa nyuma likitoa moshi. Wiki moja baadaye alirudi, akakuta mvua imenyesha juu yake, na ndani bado linawaka.

"Nikasema, kitu kinachowaka bila kuonekana, na mvua hakijali, hicho ndicho changu."

Akaanza kubeba pumba kwa magunia. Hupanga safu ya matofali, humwaga pumba, hupanga safu nyingine, kisha hukandika udongo kote na kuacha matundu machache chini. Tanuru la magogo hunguruma siku mbili na ndimi zake huonekana ng'ambo ya mto. La pumba halina sauti, halina mwali. Linafuka tu, juma zima, na mpita njia ataapa limezimika.

Hapo ndipo alipoangukia mwaka jana. Siku ya nne ya tanuru lake la kwanza, Tenesi alipita na wenzake, akasema moto umekufa. Laineti alishinda akiusikiliza ukuta, jioni akashindwa kuvumilia. Akatoboa tundu kubwa achungulie. Upepo wa mtoni ukaingia kwa nguvu, pumba zikalipuka upande mmoja na kupasua matofali, upande wa pili zikazimika kweli. Kati ya elfu sita aliokoa mia tisa.

Kijiji kikapata ushahidi wake.

"Walisema ni mkosi. Mimi najua ni mkono wangu," anasema Laineti. "Nilifungua kwa sababu niliamini maneno ya watu kuliko nilichokuwa nimekishika. Nilipiga magoti nikatubu, sikutubu kukataa mila, nilitubu kutoboa lile tundu."

Kumeshapambazuka. Tenesi anatokea njiani na mswaki wa mti mdomoni, na kama kawaida yake anasimama mbali kidogo na tanuru.

"Shemeji, umeamka na maiti wako?" anauliza, akilielekezea tanuru kidevu.

"Ameamka vizuri, shemeji. Anakusalimu."

"Siku tisa. Mimi ningekuwa nimechoma, nimeuza, nimekunywa na nimelala."

"Kunywa na kulala hata leo unaweza, hakuna aliyekuzuia. Ni hayo mawili ya mwanzo ndiyo sijawahi kukuona nayo."

Tenesi anacheka, mswaki ukiwa bado mdomoni. Halafu anaacha utani. "Nakwambia kwa wema. Wazee wa kanisa wanakuja. Yakiwa mabichi tena, watasema mbele ya watu. Bora ungekubali lile jambo hata kwa jina tu. Tungeingia ndani, tungekaa, tungetoka. Nani angejua?"

"Mungu angejua, wewe ungejua, na mimi ningejua. Hao ni watu watatu, shemeji. Ni wengi."

Tenesi anakaa kwenye gogo, anasubiri na yeye.

Anayekuja baada yake ni Bibi Nolia, mama yao Fakisoni na Tenesi, mwanamke mwembamba anayetembea na fimbo. Amebeba bakuli la uji wa mtama. Anampa mkwewe mkononi, mbele ya mwanawe, mbele ya wapita njia, kisha anasubiri arudishiwe bakuli, na mabaki yake anayanywa mwenyewe. Hapa hilo ni jambo la kutazamwa, na wanatazama.

Anapoulizwa kwa nini haogopi, anapangusa midomo kwanza.

"Mimi walinitakasa. Nilikuwa na mimba ya huyu," anasema, akimwelekezea Tenesi fimbo. "Sikuulizwa. Huyu mkwe wangu aliulizwa, akajibu. Sasa niogope nini, jibu?"

Kufikia saa mbili uwanja umejaa. Wanawake wamekaa upande mmoja, wengine na vibuyu vya maji ambavyo bado havijafika mtoni. Mzee wa kanisa Gilibati Nyathando amekuja na ndoo ya maji, maana ndivyo tofali linavyojaribiwa: huzamishwa, na kama halikuiva humomonyoka. Amevaa koti la Jumapili siku ya Alhamisi.

"Mama Zunda, tumwombe Mungu kwanza," anasema.

"Nimeshamwomba, baba. Nimemwambia kazi yangu nimemaliza, sasa ni zamu yake, na watu wanatazama. Lakini omba na wewe."

Mzee anaomba, sala ndefu yenye kuzunguka, asitaje mjane wala matofali. Laineti haitikii amina mpaka mwisho, na akiitikia sauti yake inatangulia ya wote.

Kisha anabandika kiganja upande wa njiani, anakuta umepoa, anapanda. Anabandua udongo wa juu kwa jembe, anaondoa safu ya kwanza. Matofali yana rangi ya majivu, na moja linavunjika mkononi kama keki. Minong'ono inaanza. Mwanamke mmoja anashika kifua na kusema, "Si niliwaambia?"

Laineti hageuki. Safu ya nje haiivi kwenye tanuru lolote, hata la magogo, na kila mwanamume aliyesimama pale analijua hilo. Hakuna anayelisema.

Safu ya pili imeungua nusu. Kwenye ya tatu anainama, anapuliza majivu. Anachomoa matofali mawili, anayainua juu ya kichwa na kuyagonganisha.

Yanalia kama sufuria mpya.

Anagonganisha mengine mawili, na mengine. Anashuka upande wa njiani, anachomoa la katikati kabisa, jekundu kama nyama ya ini, anaenda nalo hadi kwa mzee Nyathando na kulitumbukiza kwenye ndoo kwa mkono wake. Maji yanatoa mapovu. Watu wanasogea. Muda unapita, mrefu wa kutosha mtoto kulia na kubembelezwa. Mzee anakunja mkono wa koti, analitoa, analikwaruza kwa ukucha.

"Limeiva," anasema, taratibu.

"Sema kwa sauti, baba, kuna wazee huku nyuma," anasema Bibi Nolia.

"Limeiva."

Yalipohesabiwa baadaye, mazima yalikuwa elfu tisa na mia nne. Lakini ahadi ya kanisa bado ilikuwa haijatimia, maana mzee Nyathando alikuwa amegeuza lile tofali na kukuta ubavuni pake shimo dogo la duara. Laineti huweka alama hiyo tofali likiwa bado bichi, kwa kukandamiza dole gumba. Kila mfyatuaji ana alama yake, ili mali isichanganyike.

Mzee alimvuta kando. Hakumvuta mbali sana.

"Mama, matofali tutachukua. Lakini unajua watu. Wakikaa ibadani waone alama yako ukuta mzima, wengine hawataingia. Wazee wamependekeza upande wenye alama tuugeuzie ndani ya ukuta."

"Ukuta wenu una unene wa tofali moja, baba. Alama ukiigeuzia nje, itaonwa na wapita njia. Ukiigeuzia ndani, itaonwa na wanaosali."

Mzee alifikiri. "Basi tutapiga lipu. Tutafunika."

Tenesi, pale kwenye gogo, alikuwa ameanza kutabasamu kabla Laineti hajajibu.

"Pigeni," alisema Laineti. "Sina kinyongo. Saruji mnayo?"

Mzee akakohoa.

"Tangu maji yatoke mnachangisha saruji ya msingi, na msingi haujaisha. Ya lipu itapatikana lini, wajukuu wangu wakizaa? Chukueni matofali, jengeni. Miaka yote mtakayokuwa mkisubiri saruji, mtasali mbele ya dole gumba la mjane ambaye hakutakaswa. Na atakayeugua, aje hapa nimwombee."

Kuna waliocheka wakaziba midomo. Mzee Nyathando hakucheka, lakini hakuondoka. Alivua koti la Jumapili, akalitundika kwenye mpini wa jembe, akaanza kupakia mkokoteni wa ng'ombe. Yalipofika mia moja Tenesi aliinuka, akasita, akatazama viganja vyake kama mtu anayeviaga, kisha akabeba matofali manne kifuani.

"Nikifa, shemeji, utajibu wewe," alisema.

"Ukifa nitakuzika. Mkeo ajiandae na la kuwajibu wazee."

Matofali yaliyobaki ni ya nyumba yake. Ameshapima vyumba viwili kwa kamba, juu ya kichuguu kipana ambako maji ya mwaka juzi hayakufika, na mlango ameuelekeza njiani ili apitaye amwone amekaa. Mwezi ujao ataanza kubeba pumba za tanuru la tatu. "Nataka wafyatue wajane wenzangu," anasema. Anawajua wanne kati ya hapa na mtoni, wawili wametakaswa na wawili wanaambiwa wajiandae.

"Hao wawili nitawaanza," anasema, akijipangusa majivu usoni. "Siwezi kuwaambia msiogope, maana mimi mwenyewe nimeogopa kila siku. Nitawaambia wekeni mkono hapa ukutani, mguse. Halafu tutasali, halafu hatutafungua."