Oili ya Baba Kwenye Boti ya Mchumba Wangu

Baba yangu hakuwa na shida na mwanamume niliyetaka anioe. Shida yake ilikuwa injini ya mwanamume huyo.

Ilikuwa enzi zile za dhahabu. Watu walimiminika kuvuka Mto Mara kutoka upande wetu wa Serengeti kwenda machimbo ya upande wa Tarime, na mimi niliuza chai na maandazi pale kivukoni, nikigombana na wachimbaji wanaomaliza kikombe kwanza ndipo waseme chai haina sukari. Mchumba wangu, kijana wa Nyamwaga, alipata jiwe lake zuri. Badala ya kuongeza ng'ombe kama watu wenye akili, akaenda Sirari, akarudi na injini ya boti iliyotoka Kenya. Akaifunga kwenye mtumbwi mpana, akaanza kuvusha watu.

Injini yenyewe ilikuwa ya kisasa. Zile za zamani, oili unaichanganya mwenyewe na petroli kwenye dumu, unatikisa, ndipo unamimina. Hii ilikuwa na kitangi chake cha oili pembeni, na kipampu cha kuipeleka kadiri injini inavyohitaji. Kazi yako ni kuweka petroli tupu, basi.

Sasa, baba aliwahi kuvua samaki Musoma ujanani, kwa injini za kuchanganya, na kuhusu injini alijua jambo moja tu: petroli isiyo na oili inaiua. Siku alipomwona mchumba wangu anamimina petroli tupu, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hujachanganya!"

"Shikamoo baba. Hii inachanganya yenyewe."

"Yenyewe? Na ng'ombe wenu wanajikamua wenyewe?"

Wachimbaji wakacheka mpaka wakanimwagia chai mezani. Nikawafokea, lakini nani alinisikia?

"Na hicho kipampu kikifa, nani atakuambia?" baba akauliza.

"Kuna king'ora, baba. Kitalia."

"Kikilia, injini imeshakufa! Ukichanganya kwa mkono wako, umeona kwa macho yako."

Haki ya nani, hapo alikuwa na hoja. Tangu siku hiyo kivuko kiligawanyika: wa kuchanganya upande huu, wa kitangi upande ule, na wote wanabishana wakiwa wamekalia benchi langu.

Nyumbani baba akatamka kwamba asiyechanganya mafuta ni mzembe, na mzembe hampi binti yake. Jibu lake angelitoa siku ya kukagua ng'ombe. Kwetu, wazee wa upande wa binti huenda mpaka zizini kwa mwanamume, wakaangalia ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, na mwenye kasoro anakataliwa. Ukitaka kumkataa mkwe bila kumtukana, unawakataa ng'ombe wake wote. Namjua baba yangu. Niliogopa sana, maana yule kijana nilimpenda, jamani. Nilimpenda hasa.

Asubuhi ya siku yenyewe baba alifika kivukoni na koti lake zito, pamoja na baba mdogo, yaani mdogo wake. Mto ulikuwa umejaa. Mchumba wangu alipokwenda kuchukua kasia, nikamwona baba ameinamia tangi la petroli, kisha huyo akaenda zake kichakani kujisaidia. Baba mdogo naye akainama palepale. Nikadhani wananusa tu, maana wazee wetu hawapiti kitu cha mtu bila kukichungulia.

Wakaondoka. Loo! Moshi uliotoka pale, ungedhani watu wanachoma nyasi mbichi. Katikati ya mto injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Maji yakaanza kuwateremsha, na huko chini kuna viboko. Nikatupa upawa, nikakimbia ukingoni nikiutukana mto, injini na ukoo mzima. Mchumba wangu alipiga kasia, na baba alipiga kelele: "Si nilisema! Hakuchanganya huyu!"

Mungu si mzembe, matete ya upande wetu yakaukamata mtumbwi. Nilipofika nikihema, mchumba wangu alikuwa amefungua plagi. Ilikuwa inadondoka oili. Akanusa tangi.

"Petroli hii imetiwa oili," akasema taratibu. "Tena nyingi."

Baba mdogo akaruka nchi kavu kwa haraka iliyozidi, na mfukoni mwake ikaanguka chupa ya oili ya mashine ya kusaga, imebaki nusu. Baba akawaka.

"Kumbe ni wewe! Unatia oili kwenye injini ya watu bila ruhusa? Ulitaka tuliwe?"

Akawa anamtikisia kidole, na kila akitikisa, koti lake linadondosha tone jeusi juu ya kiatu chake. Mfuko mzima ulikuwa umelowa. Chupa yake nayo ilikuwa humo, na kifuniko hakukikaza.

Sote tukaona. Baba naye akaona, mdomo ukabaki wazi. Mimi niliuma kanga nisicheke, huku machozi yananitoka kwa hofu. Mchumba wangu angetabasamu tu, au angesema "unaona sasa, baba," ningezeekea kwenye maandazi.

Akapiga goti kwenye tope, akatoa kitambaa chake, akapangusa kile kiatu.

"Nisamehe, baba. Mashine yangu imekuchafua. Na kosa ni langu, nilipaswa kuangalia petroli kabla ya kuondoka."

Baba aliutazama mfuko wake, halafu akakitazama kichwa cha yule kijana kilichoinama. 

Tangi likamwagwa kwenye dumu tupu, plagi ikapanguswa. Petroli ya akiba ilikuwepo kwenye dumu jingine, haijatiwa oili. Baba mwenyewe alilinyanyua lile dumu, akaimimina. Injini ikawaka.

Ya zizini nilisimuliwa na baba mdogo, naye alikuwa bado amenuna. Alimwonyesha baba ng'ombe anayechechemea, baba akapita. Akamwonyesha aliyekonda, baba akapita. Mwishowe akamshika mkono.

"Kaka, angalia basi! Huyu ana jicho moja!"

Baba akamtazama yule ng'ombe.

"Linamtosha," akasema.