Mama Ndani ya Sanduku la Mwanga

Mama yetu alikuwa hajatimiza mwaka kaburini kaka yangu mkubwa aliponiomba nimtengenezee hologramu yake. Alisema tumkumbuke kisasa. Alijua kwamba ninafundisha chuoni Kisii mjini na kwamba hologramu za kompyuta ndiyo kazi yangu. Alijua pia kwamba likija jambo la mama, akili zote huniruka.

Kati yangu na kaka kulikuwa na jambo moja tu. Kabla ya kufa, mama alisema mbele yetu sisi wawili kwamba kipande cha shamba la chai kilicho chini ya nyumba, huku kijijini kwetu Nyacheki, ni changu. Nijenge pale, alisema, sihitaji kuolewa ndipo nipate pa kulala. Kaka aliitikia kwa kichwa. Nikamwamini, mpumbavu mimi.

Basi nikashika kazi. Krismasi yake ya mwisho nilikuwa nimemzunguka mama na simu nikimpiga picha pande zote, amekaa na kikapu chake cha chai. Kompyuta iliziunganisha zile picha ikampata mama mzima, kisha ikamgawa kuwa vitone vingi mno na kupiga hesabu ya jinsi mawimbi ya mwanga yangetoka kwenye kila kitone na kukutana njiani. Jibu la hesabu hiyo halina sura ya mtu. Ni michirizi myembamba iliyochanganyikana, basi. Lakini ukiiweka kwenye kioo kidogo cha kielektroniki na kukimulika kwa leza, mwanga unapinda na mtu anatokea hewani. Mama alitokea ndani ya sanduku nililofungia vifaa hivyo, kimo cha kiganja. Ukiinama kando kidogo unaliona sikio lililokuwa limejificha nyuma ya kitambaa, jambo ambalo picha ya ukutani haiwezi. Nililia, na sioni haya kusema.

Mzee wa kanisa alisita kuja kuomba kwenye ukumbusho wenye sanduku hilo, maana sisi Waadventista tunaamini wafu hawajui neno lolote. Nilimhakikishia kuwa ni mwanga tu na hautasema kitu. Wiki hiyohiyo kaka aliniomba zile sauti ambazo mama alikuwa akinirekodia na kunitumia kwa simu, eti azisikilize akiwa peke yake. Nikampa zote.

Siku ya ukumbusho, mzee wa kanisa alipokwisha kuomba na kwenda zake, ukoo ulipanga foleni mbele ya sanduku. Wa kwanza alikuwa shangazi, dada ya baba, aliyelala nasi pale nyumbani wiki nzima kwa maandalizi. Alipoinama tu, sauti ya mama ikatoka: wanangu msigombane, chai ni ya mtoto wa kiume, binti atapata boma lake kwa mumewe. Tena kwa Kiswahili kilichonyooka, mama ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuzungumza na daktari na wageni tu, sisi akituzungumzia Ekegusii hadi mwisho. Kaka alikuwa ameficha spika chini ya kitambaa cha meza, na programu ya kuiga sauti aliyoilisha zile rekodi haikujua lugha yetu.

Nilichemka. Niliinua kitambaa nikawaonyesha spika, nikawaeleza jinsi sauti inavyoigizwa, nikasema hata huyo wanayemwona si mama, ni hesabu niliyoipiga mimi mwenyewe. Kaka alitazama viatu vyake. Nilingoja mtu mmoja tu aseme kwamba mama hakuwa akiongea hivyo. Wajomba, ndugu zake mama, walisogea mbele kwenye foleni. Shangazi alinishika mkono kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi.

"Mwanangu," akasema, "kama si yeye, mbona wiki hii yote nakusikia ukimwamkia kila asubuhi?"

Nilikuwa nikimwamkia, kweli. Nilikuwa hata nikimuuliza kama amelala vizuri. Kile kipande sasa kinachumwa na mke wa kaka.